Mivujo Yote Imefungwa

Chumba cha simu cha idara ya maji kilikuwa na madirisha mawili, meza nne, na feni moja iliyogeuza shingo huku na huku kama mtu anayesikiliza umbea wa pande zote. Meza ya mwisho, iliyogusana na ukuta, ilikuwa ya mwanamke waliyemwita Sikio. Jina hilo alilipata mwaka wake wa tatu kazini, siku bwana mmoja alipopiga simu akijifanya anakaa mtaa mwingine ili apelekewe mafundi haraka. Sikio alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Baba, si wewe uliyepiga mwaka jana, mita ilipozama kwenye tope? Yule mbwa wako alipona?" Bwana akakata simu. Wenzake walicheka mpaka chai ikamwagika, na tangu siku hiyo jina halikumtoka.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Mumewe alikuwa fundi viatu, akishonea barazani kwao, na ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba ya nyumba nzima. Mdogo wake Sikio, wa tumbo moja, aliolewa na kiongozi wa kikosi cha mafundi wa mabomba pale pale idarani. Sikio alimwita Shemeji, naye alimwita Sikio shemeji, na kwa miaka mingi hapakuwa na neno baya kati yao. Shemeji alikuwa mtu wa mikono. Ungemkuta ameinama kwenye shimo, suruali imelowa mpaka magotini, akigombana na bomba kana kwamba bomba lina roho.

Mwaka wa kumi na mmoja akaja meneja mpya. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye mwandiko mzuri, na hakuweza kutaja kitu bila kukitia kwenye mia. Kabla wiki haijaisha walishambandika jina: Asilimia. Ukutani kwenye korido akaning'iniza ubao mkubwa, na kila ofisi ikapewa lengo lake. Mafundi: kila mvujo uwe umefungwa ndani ya siku mbili. Stoo: rafu isikutwe tupu hata siku moja. Ofisi ya mgao: kila mtaa upate maji angalau siku moja kwa wiki. Chumba cha simu: simu isizidi dakika tatu, na mteja asipige mara ya pili kwa tatizo lile lile. Ofisi ikifikia lengo, mraba wake unapakwa kijani. Ikishindwa, nyekundu. Miezi mitatu ya nyekundu, mkuu wa ofisi anaitwa "kuzungumza", na hakuna aliyetaka kujua mazungumzo hayo yanaishia wapi.

Nani angepinga? Mivujo izibwe, rafu zijae, simu zijibiwe upesi. Hata Sikio aliona ni mambo ya maana. Mwezi wa pili ubao mzima ulikuwa kijani kama shamba la mpunga, na picha ya kikosi cha Shemeji ikatundikwa juu yake: mivujo mia na arobaini, yote imefungwa, yote ndani ya siku mbili.

Mwezi huo huo, mkunga mstaafu aliyekaa Mtaa wa Juu, kule kilimani, akapiga simu Jumatatu asubuhi. Bomba limepasuka mbele ya nyumba yake, maji yanatelemka mpaka kwenye kibanda cha seremala. Sikio akaandika: mvujo. Jumatano fomu ikarudi kutoka kwa mafundi na mhuri wake: umefungwa. Alhamisi mkunga akapiga tena.

"Mwanangu, nawashukuru. Mvujo umekwisha."

"Vizuri, mama."

"Na maji yamekwisha."

Sikio akatazama saa iliyokuwa ikihesabu kwenye kioo cha mashine. Dakika moja na nusu. Akamwambia mama huenda ni zamu ya mgao, asubiri. Simu ikaisha salama kwa dakika mbili na nusu. Akaandika kwenye fomu mpya "hakuna maji", akaipeleka ofisi ya mgao.

Wiki iliyofuata akapiga seremala. Kisha mwenye saluni wa mtaa huo huo, ambaye naye aliwahi kupiga kuhusu mvujo. Kisha mkunga kwa mara ya tatu, akisema yamekuja Ijumaa kwa saa mbili tu, tena kwa kukohoa, halafu kimya. Sikio hakuziunganisha simu hizo kwenye karatasi yoyote, ila sauti zilikuwa zimepangana kichwani mwake kama watu kwenye foleni. Kila sauti iliyoleta mvujo ilirudi baadaye kuleta ukame. Siku moja akamuuliza mwenzake wa meza ya jirani kama na yeye ameliona hilo.

"Mimi nimevaa miwani ya mbao," mwenzake akajibu, bila kuinua kichwa. "Na wewe vaa."

Machale yakamcheza. Akaanza kutazama watu. Akaona kwamba mafundi hawaingii tena chumba cha simu kutania kama zamani, wanapita wima. Akasikia kwamba kule kilimani, mtaa ulipokauka, lori la maji lilianza kupita kila asubuhi, na watu wanapanga ndoo barabarani. Lori hilo lilijuaje mtaa umekauka, hata kabla chumba cha simu hakijajua? Mtu amempa dereva habari. Na mtu huyo ni yule anayejua koki za mitaa zote zilipo.

Jumapili moja alikwenda na mumewe kula chakula cha mchana kwa mdogo wake. Uani, kando ya ukuta wa jiko, alikuta tangi jipya jeusi, kubwa, limeinuliwa juu ya matofali.

"Shemeji, tangi hili la nini?"

"La maji."

"Fundi wa maji naye anaweka akiba ya maji?"

Shemeji alicheka kwa mdomo tu, macho hayakushiriki. "Kwani fundi viatu hana viatu vya akiba?"

Mumewe Sikio akacheka kweli, akaitazama miguu yake. Lakini Sikio hakucheka. Alimtazama mdogo wake, akaona anageuza uso na kuanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Kikulacho ki nguoni mwako, akawaza. Fundi anayejua lini maji yatakatika ndiye anayenunua tangi mapema.

Shemeji naye hakuwa mjinga. Walipokuwa wakiaga, alimsindikiza mpaka mlangoni, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, Asilimia amekutuma?"

"Anitume nini?"

"Nakuuliza tu."

"Na mimi nakuuliza tu," Sikio akasema, akatoka.

Njiani mumewe alimwambia aliache jambo hilo. "Ukimtafuta mchawi kwa tochi, mke wangu, utaishia kukamata kivuli chako." Sikio alikaza mwendo. Alikuwa ameshaamua.

Jumatano akaomba ruhusa ya kwenda kliniki, akapanda kilimani kwa miguu. Alijisogeza kwenye kibanda cha seremala, akajifanya anaulizia kabati. Seremala hakumjua uso, lakini Sikio alipoisikia ile sauti nzito inayomeza mwisho wa maneno, nusura amsalimie kwa namba ya fomu yake. Hapo alipoketi aliona vizuri nyumba ya mkunga, na barabara ilivyopinda.

Asubuhi hiyo mvujo mwingine ulikuwa umeripotiwa karibu na hapo, kwenye tawi la bomba lililokuwa bado na maji, na saa nne kikosi kikafika. Watu wanne, gari moja. Shemeji akashuka, akaenda pale maji yalipokuwa yakibubujika, akasimama akiyatazama kwa muda, mikono kiunoni. Hakuchimba. Hakutoa sepetu. Alitembea hatua kama sitini mpaka kwenye kona, akafunua kifuniko cha chuma kilichokuwa chini ya majani, akachomeka nondo ndefu yenye umbo la msalaba, akaizungusha. Akazungusha tena na tena, taratibu, kama mtu anayekaza kizibo cha chupa. Bubujiko likapungua, likawa ute, likakoma. Mmoja wao akajaza fomu juu ya boneti la gari. Walipokuwa wakipanda, lori la maji lilikuwa linapanda mlima, na dereva wake akatoa mkono nje kumsalimia Shemeji. Shemeji akainua wake.

Sikio aliinuka. Akaliacha kabati la seremala, akalifuata lori, akamkuta dereva anafungua mpira wa maji.

"Yule fundi mnafahamiana?"

"Yupi?"

"Mliyepungiana mikono."

"Ah. Tunakutana njiani tu, dada. Napita mtaa wowote nikiona ndoo nje."

Sikio hakumwamini. Nani angemwamini? Hata hivyo aliyakumbuka maneno yake.

Kesho yake, saa ya chai, alimkuta Shemeji kwenye ua wa mabomba, ameketi juu ya kipande cha bomba la zamani, peke yake. Alimwambia yote aliyoyaona bila kuzunguka mbuyu. Koki, nondo, fomu, lori. Akamwambia pia kuhusu tangi.

Shemeji hakukana. Akasema, "Kwa hiyo unaniona mwizi."

"Nimeona nilichoona."

"Njoo."

Alimpeleka stoo. Mtunza stoo alikuwa mzee mwembamba aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, mwenye funguo nyingi kiunoni kuliko milango aliyokuwa nayo. Nyuma yake rafu zilipanda mpaka darini. Klampu za kila ukubwa, zile pete za chuma za kubana bomba lililopasuka, zilipangwa kwa safu, zimefutwa vumbi, zinang'aa. Sikio hakuwahi kuona stoo iliyojaa namna ile.

"Mzee," Shemeji akasema, "nipe klampu mbili za inchi nne. Za Mtaa wa Juu."

"Umejaza ombi?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Basi lipo kwenye utaratibu." Mzee alimtazama Sikio kwa jicho la pembeni. "Huyu kaja kama nani?"

"Kama shahidi," Shemeji akasema. "Mwambie kwa nini hutoi."

Mzee akahesabu funguo zake kwa vidole. Mwisho akasema kwamba klampu za inchi nne zimebaki arobaini, na kuagiza nyingine huchukua miezi minne. Mafundi wakipewa kila wanachoomba, rafu itakuwa tupu kabla ya mwezi kwisha, na siku rafu ikikutwa tupu hakuna atakayekuja kumsemea yeye mbele ya ubao. "Nimebakiza mwaka mmoja," akasema. "Sitaki kuitwa kuzungumza. Na ninyi mafundi nawajua. Nusu ya klampu mnazochukua hamzifungi popote."

"Unaona?" Shemeji alimwambia Sikio walipotoka. "Yeye ananiona mwizi, na mimi niliamini anaziuza. Mpaka leo sijui kama nimeacha kuamini hivyo. Siku mbili nimepewa. Bila klampu, naziba mvujo kwa nini, kwa mate? Nikifunga koki, mvujo haupo. Ubao hauulizi kama maji yapo."

"Na tangi?"

"Mtaa wangu mwenyewe nimeufunga tangu mwezi wa kwanza. Mdogo wako amenikasirikia mpaka amekonda. Sikuwa na uso wa kukueleza."

Sikio alisimama. Kitu ndani yake kilitaka kumwamini, na kitu kingine kilisema mwongo mzuri huanza na ukweli nusu. Shemeji aliona hivyo usoni mwake. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi zilizokunjwa.

"Sasa nikuulize na mimi. Yule mkunga wa kule juu amepiga mara ngapi?"

"Mara saba," Sikio akasema mara moja.

"Nilizunguka ofisi zote kukusanya hizi, maana nilidhani wewe ndiye unayeniwekea mtego." Akazifungua juu ya paja lake, moja moja. "Hii: mvujo. Hii: hakuna maji. Hii: presha ndogo. Hii: rangi ya maji. Hii: swali la jumla. Hii: pongezi. Pongezi, shemeji?"

"Alianza kwa kushukuru."

"Na ya saba: nyinginezo. Mwandiko wa nani huu?"

Ulikuwa wake. Hakuna hata fomu moja iliyoandikwa "amerudia".

"Ungeandika amerudia hata mara mbili," Shemeji akasema, si kwa hasira, kwa uchovu tu, "mraba wenu ungekuwa mwekundu, na mtu angelazimika kuja kuniuliza kwa nini. Nilikuwa nasubiri mtu aulize. Ukaja wewe, na ulikuja kama askari."

Sikio alirudi kwenye meza yake na zile fomu saba, akavaa hedifoni, na saa nzima hakuweza kusikia vizuri anachoambiwa. Alijikumbuka akisema "subiri zamu, mama" huku macho yakiwa kwenye saa. Alikumbuka namna alivyojifunza kuukata mwisho wa sentensi za watu bila wao kuona. Hakuna aliyemfundisha. Wote wanne mle chumbani walijua kufanya hivyo, na hakuna aliyewahi kulitaja.

Alitaka kuandika barua kwa Asilimia. Aliianza mara mbili, akaichana mara mbili. Nani angeisoma kwanza? Karani wa Asilimia alikuwa akila meza moja na mafundi. Na Shemeji je, kama yale yote yalikuwa maigizo ya kumfunga mdomo? Siku nne zilipita akiwa anawaza hivyo, na kwa siku hizo nne hakujisamehe baadaye.

Ijumaa ofisi ya mgao ilifungua koki ya Mtaa wa Juu kwa saa mbili, kama lengo lake lilivyotaka, na mafundi wakaifunga tena kabla mvujo haujaonekana. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi, hawa wanafungua ili wapate kijani chao, wale wanafunga ili wapate chao, wala hawakuzungumza. Lakini bomba lililopasuka, lisipokuwa na maji ndani, huvuta kilicho nje. Lilikuwa limelala wiki nzima kwenye tope pamoja na maji ya mtaro wa choo. Ijumaa hiyo lilipojazwa, lilikisukuma chote mpaka kwenye ndoo za watu.

Jumatatu chumba cha simu kilipofunguliwa, simu zote nne zilikuwa zinalia. Watu wanaharisha na kutapika. Seremala alipiga, sauti yake ile nzito imekuwa uzi. Mwenye saluni alipiga kutoka hospitali. Sikio alisubiri sauti ya mkunga mpaka saa sita na haikuja. Akavua hedifoni, akaondoka bila ruhusa, akamkuta wodini na dripu mkononi, midomo imekauka kama gome.

"Mama, mimi ni wa idara ya maji. Wa kwenye simu."

Mkunga alimtazama muda mrefu. "Nilidhani u mdogo zaidi," akasema. "Sauti yako ina haraka ya kitoto."

Watu thelathini na sita walilazwa kutoka mtaa ule. Hakufa mtu, lakini mtoto mmoja wa mwenye saluni alikaribia, na mama yake hakusahau.

Jumanne Asilimia alimwita Sikio ofisini kwake, akamwagizia soda, akamuuliza hali ya mumewe. Alimsifu kwa miaka yake kumi na mmoja. Sikio alijua anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, akasubiri. Karatasi ikatolewa. Ilikuwa tayari imechapwa: kwamba yeye, kwa macho yake, alimwona kiongozi wa mafundi akifunga koki bila amri. Pamebaki sahihi tu.

"Ni kweli au si kweli?" Asilimia akauliza.

"Ni kweli."

"Basi?"

"Nani alikwambia niliona?"

Asilimia alitabasamu. "Idara ina macho."

Sikio alifikiria ni macho ya nani. Mwenzake wa meza ya jirani? Mzee wa stoo? Au Shemeji mwenyewe, aliyeamua kutumbukia kabla ya kusukumwa? Hakupata kujua. Alichoona ni kwamba karatasi ile ilikuwa na ukweli mmoja, tena uliokatwa mahali pazuri, kama yeye alivyokuwa akikata sentensi za wateja.

"Nitaongea mbele ya kamati," akasema. "Hii siwezi kuisaini peke yake."

"Unamlinda shemeji yako."

"Ukitaka kuamini hivyo sikuzuii."

Kamati ilikuwa ya watu watatu kutoka nje, ikiongozwa na mhandisi mzee aliyekuwa anasikia kwa taabu, ikabidi Sikio apaaze sauti. Alieleza alichokiona kilimani, bila kupunguza. Shemeji alikuwa ameketi ukutani, ameinamisha kichwa. Mdogo wake Sikio alikuwa nje ya mlango na alisikia kila neno. Kisha Sikio akatoa zile fomu saba, akazisoma moja baada ya nyingine, pamoja na ile ya pongezi. Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Sikio akasema mwandiko ni wake, na akaeleza sababu ya kila neno. Akawaomba waende stoo wakatazame rafu, kisha waende ofisi ya mgao wakaulize nani alifungua Ijumaa na nani alifunga.

"Sasa mama," mhandisi akasema, mkono nyuma ya sikio, "mhalifu wetu ni nani?"

"Nimemtafuta mwezi mzima, mzee. Nilianza na wa nyumbani kwangu. Kila nikimkaribia mtu, namkuta ameshika fomu ya kijani."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililonalo."

Mambo hayakuisha kama hadithi. Shemeji alivuliwa uongozi, akapelekwa kusoma mita. Mzee wa stoo alistaafishwa miezi saba kabla ya wakati wake. Sikio alipewa barua ya onyo. Asilimia alihamishiwa makao makuu, wengine wakisema ameadhibiwa, wengine wakisema amepandishwa, na hakuna aliyeona barua yake. Bomba la Mtaa wa Juu lilifungwa klampu mbili za inchi nne kwa dakika arobaini.

Mdogo wake Sikio hakumsemesha dada yake kwa miezi minane. Alimpelekea ujumbe mmoja tu kupitia mama yao: kwamba dada angeweza kusoma fomu zake na kuiacha ile habari ya koki. Kazini nako wenzake walianza kubadili mazungumzo anapoingia. Walijiuliza mtu aliyejisema mwenyewe atashindwaje kuwasema wao. Akawa anakunywa chai peke yake dirishani. Kwenye fomu zake sasa aliandika "amerudia" kila aliporudia mtu, na mraba wa chumba cha simu ulikuwa mwekundu mwezi hadi mwezi, mpaka meneja aliyefuata, mama mmoja mtu mzima, akamwita kumuuliza kama kazi imemshinda.

"Haijanishinda," Sikio akamjibu. "Nenda kilimani na orodha yangu ya waliorudia, upige hodi."

Yule mama alikwenda. Alirudi na viatu vya tope, akaondoa ubao. Wiki mbili baadaye akaitisha mkutano wa ofisi zote ukumbini, akatangaza kwamba atakuwa na lengo moja tu: mvujo hautahesabiwa umefungwa mpaka mteja mwenyewe aseme kwa simu kwamba anapata maji. Watu wakapiga makofi. Makofi yale yale, Sikio akawaza, aliyopigiwa Asilimia na malengo yake.

Akanyoosha mkono. Wengi walikuwa hawajawahi kumwona akinyoosha mkono.

"Nina swali kwa mafundi," akasema. "Kama bomba bado limepasuka, na klampu hamna, na siku zimekwisha, mtafanyaje ili mteja aseme anapata maji?"

Mafundi walitazamana. Meneja alimkazia macho Sikio kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni. Watu wa mgao walijikuta wana jambo la kusoma kwenye magoti yao. Ilikuwa wazi kwamba kila mmoja ana jibu, na kila mmoja anapima nani atalichukua na kulipeleka wapi.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, msoma mita mmoja akasimama. Alikuwa na daftari kwapani. Hakumtazama Sikio. Walikuwa hawajasemeshana tangu siku ya kamati.

"Mahali pa namba ya simu ya mteja, mimi ningekuwa naandika ya mke wangu," Shemeji akasema.

Baadhi walicheka. Meneja hakucheka. Alivuta kiti, akaketi, akafungua kalamu. "Endelea," akamwambia. "Na nini kingine?"